Mashamba Matatu ya Tipagya

Tipagya alikuwa mtoto wa tano, na wa kike peke yake, katika nyumba ya mzee mmoja aliyelima mtama na viazi vikuu kaskazini mwa mji wa Savelugu. Kaka zake wanne, kila mmoja alipoota ndevu, alikwenda zake kusini kuvuna kakao. Walirudi mara moja moja na redio na mashati ya maua, wakala sikukuu, wakaondoka tena. Mzee akabaki na msichana wa miaka kumi na moja na ekari ambazo hakuweza kuzimaliza mwenyewe.

Kwao mwanamke hashiki jembe. Mwanamke hupanda, huvuna, hupepeta, hubeba. Kulima na kupalilia ni kazi ya wanaume. Lakini mzee hakuwa na mwanamume mwingine nyumbani, hivyo asubuhi moja alimkatia binti yake mpini mfupi, akamwambia amfuate, na wasizungumze sana juu ya jambo hilo wakikutana na watu. Huko shambani alimfundisha kuitambua ardhi kwa magugu yanayoota juu yake: hapa pamechoka, hapa pana chumvi, hapa pangefaa karanga kama pangelishwa. Kufikia umri wa miaka kumi na sita Tipagya alikuwa akiinua matuta ya viazi sawasawa na vijana wa rika lake, na watu walimtania kwamba atakayemwoa atapata mke na ng'ombe wa plau kwa mahari moja.

Aliyemwoa ni Issahaku wa Nakpanyili, kijiji kilicho nusu siku kwa miguu kutoka kwao. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti ya kuvuta watu, na katika miaka yote waliyoishi pamoja hakumpiga hata mara moja. Hilo lisemwe, maana yaliyotokea baadaye yangeweza kumfanya msikilizaji amwone mbaya, naye hakuwa mbaya.

Desturi ya nyumba ilikuwa kwamba mume hutoa unga wa ugali. Mchuzi ni wa mke. Chumvi, samaki wakavu, sabuni, nguo za watoto, madaftari, dawa ya homa, vyote hivyo hutoka mkononi mwa mke, na mkono wa mke hupata kutoka kwenye kipande cha ardhi anachopewa ili apande vitu vyake. Tipagya alipewa kipande chake cha kwanza mwaka mmoja baada ya ile njaa kuu ya wakati moto ulipounguza mashamba na misitu pamoja. Kilikuwa kando ya njia ya kijito, changarawe tupu, kimejaa kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mtama ukiwa bado mchanga. Issahaku mwenyewe alicheka akimwonyesha mipaka.

"Hapa hata mbuzi hatufungi," alisema. "Lakini kama unaitaka, chukua."

Akaitaka.

Samadi ya ng'ombe wa kijiji ilikuwa ya wanaume. Waliibeba kwa mikokoteni ya punda hadi kwenye mashamba yao ya mahindi, na kilichobaki zizini kilikuwa makombo. Tipagya alikwenda kwa Bello, Mfulani aliyechunga mifugo ile, wakapatana: yeye atamletea kulikuli, vile vikaki vya karanga vilivyokaangwa, na Bello atamwachia afagie zizi kabla wanaume hawajaamka. Basi kila alfajiri, mtoto wake wa kwanza Suhuyini akiwa mgongoni, alifagia, akajaza beseni, akalitwika, akatembea. Msimu mmoja alihesabu mabeseni hadi mia mbili kisha akaacha kuhesabu. Alipanda karanga na kunde kwa zamu ili kiduha kikose cha kunyonya. Ng'ombe wa plau walipofika kwake walikuwa wameshamaliza mashamba ya mume, ya kaka za mume, na ya rafiki za mume, na mwezi mzima wa mvua ulikuwa umeshapita. Kwa hiyo hakuwasubiri. Alilima kwa jembe lake mwenyewe, na wanawake waliopita kwenda kijitoni waliangalia pembeni kana kwamba wamemkuta akioga.

Mwaka wa kwanza alipata gunia moja lisilojaa. Mwaka wa nne alipata saba.

Magunia saba katika ekari moja hayakuwa yameonekana Nakpanyili, hata kwa wanaume. Wanawake walewale walikuja kuomba mbegu. Tipagya alinunua sufuria kubwa na viatu vya shule vya Suhuyini, akamnunulia mume kofia, na mchuzi wake ulikuwa na samaki hadi mwanzo wa mvua. Ilikuwa miaka ya furaha yake, ingawa wakati ule aliiona kuwa miaka ya kuchoka.

Lakini magunia yale yalifika pia barazani, wanaume wanapokaa jioni. Rafiki mmoja wa Issahaku alimuuliza mbele ya watu, "Ndugu yangu, hebu tuambie, kwenu pale nani amemwoa mwenzake?" Wakacheka, naye Issahaku akacheka kuliko wote. Siku chache baadaye, Tipagya akiwa anachambua mboga ya mlenda, mume alikuja akakaa kwenye kigoda, akazunguka sana na maneno. Alisema mahindi yake yanahitaji ardhi nzuri mwaka huu. Alisema serikali imeleta mbegu mpya na mbolea ya chumvichumvi, na bwana shamba anatafuta mahali pa kuzijaribu. Mwishowe alisema atakichukua kile kipande cha njia ya kijito.

"Ardhi si inabaki palepale?" alisema. "Ni ya nyumba. Wewe utapata nyingine, kule kwenye vichuguu."

Tipagya alimuuliza kama angeweza kumwachia nusu. Issahaku alisema nusu haitoshi kwa majaribio. Tipagya akasema basi sawa, akaendelea na mboga.

Mahindi yalitoka mazuri kiasi kwamba watu wa wilaya walikuja kuyatazama. Desemba ile, katika Siku ya Wakulima, Issahaku aliitwa jukwaani akapewa bomba la kupulizia dawa, mapanga mawili na jozi ya mabuti. Aliulizwa siri yake ni nini, akasema ni bidii na kumshukuru Mungu. Tipagya alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuja na lori, chini ya turubai, akapiga makofi kama wenzake. Mume alirudi nyumbani na kitambaa kizuri cha rangi ya bluu alichomnunulia mjini. Tipagya alikishona, akakivaa miaka mingi. Hakuweza kumchukia, na kuna nyakati alitamani angeweza, maana ingekuwa rahisi zaidi.

Kipande cha pili kilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima, mteremko uliochimbwa na maji ya mvua, vichuguu vimesimama kila upande. Kazi yake ilikuwa tofauti. Tipagya alivunja vichuguu, akasambaza udongo wake, kisha akakusanya mawe na kuyapanga kwa mistari kukata mteremko, ili maji yatulie na kuacha rutuba. Alipata msaidizi. Issahaku alikuwa ameoa mke wa pili, Azara, msichana mwembamba mwenye mdomo mwepesi ambaye kila mtu alidhani atagombana na mke mkubwa. Hawakugombana. Azara hakuwa na kipande bado, akawa anakuja kubeba mawe.

"Dada, wewe ulikosea kuzaliwa," alimwambia siku moja, jiwe likiwa kichwani. "Ungezaliwa mwanamume, mimi ningekuwa mke wako, na tungekuwa matajiri."

"Ningekuwa mwanamume, haya mawe ungebeba peke yako," Tipagya alimjibu, na wote wawili wakalazimika kutua mizigo kwa kicheko.

Ilichukua miaka mitano. Mwaka wa tano mteremko ule ulitoa karanga nzuri, magunia sita, na kunde juu yake. Ndipo Neindow, kaka mkubwa wa Issahaku na mkubwa wa ardhi ya ukoo, aliposema kwamba mwanawe anaoa na anahitaji mahali pa viazi vikuu, na kwamba ule mteremko wa vichuguu siku hizi unaonekana umepona wenyewe.

Issahaku alileta habari akiwa hamtazami mkewe usoni. Alisema safari hii si yeye, ni kaka. Alisema amejaribu kusema naye. Pengine alijaribu. Tipagya aliomba asubiriwe avune, akasubiriwa. Baada ya mavuno alipita pale mara moja tu, akitoka kuokota kokwa za shea, zile zinazokamuliwa mafuta. Kijana wa Neindow alikuwa ameng'oa mistari ya mawe, yote, na kuyapeleka nyumbani kwa mkokoteni. Alikuwa akijenga chumba cha mke wake mpya, na mawe yale yalikuwa mazuri kwa msingi. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kuuchimba mteremko upya.

Hakumwambia mtu. Usiku huo Azara alimsikia akipumua kwa kukatizwa katika chumba cha pili, akajua analia, akaona si vyema kwenda.

Kipande cha tatu kilikuwa kama vile viwili vilivyokuwa mwanzo: kimechoka, kigumu, hakuna mwanamume aliyekitaka. Bello alikuwa ameshazeeka na mwanawe ndiye aliyechunga, lakini mzee alimkumbuka, akamtumia salamu kwamba samadi ipo nyingi mwaka huu, aje achukue, hata kulikuli asilete. Tipagya alishukuru. Hakwenda.

Alipanda karanga zake kwenye ardhi ile vilevile ilivyokuwa. Alisubiri ng'ombe wa plau, na walipokuja wamechelewa wiki tano alipanda wiki ya tano. Palizi alifanya mara moja. Alivuna gunia moja na nusu, mwaka uliofuata mawili. Mchuzi ukawa mwepesi. Binti yake, Wunpini, aliyekuwa darasa la nne na mwenye akili ya hesabu, alikaa nyumbani muhula mmoja, kisha mwingine, kisha ikawa hakuna tena anayeuliza atarudi lini. Azara alisema naye mara mbili tatu. Mara ya mwisho Tipagya alimjibu kwa ukali ambao haukuwa tabia yake.

"Nikikilisha, watakichukua. Kikibaki na njaa, kitabaki changu. Unataka nifanye nini?"



Katika mwaka wa tatu wa kipande kile alikuja bwana shamba mpya, kijana mpole aitwaye Abukari, na kamba ya kupimia, mizani ya kuning'iniza na daftari. Alipima mashamba ya wanaume na vipande vya wake zao, nyumba kwa nyumba. Alipomaliza kwa Tipagya alikaa chini ya kivuli cha ghala akaandika. Tipagya alimletea maji, akamuuliza kwa adabu ameandika nini.

Abukari alisema, bila nia mbaya, kwamba kijiji kizima ni vilevile: ekari ya mwanamke inatoa theluthi moja pungufu kuliko ekari ya mwanamume, ardhi ileile, mvua ileile. Wakubwa wake wanataka kujua sababu. Akamtazama kama mtu anayetaka kusaidiwa.

"Kwa mfano wewe, mama. Zizi lile pale, si mbali. Kwa nini huweki samadi?"

Issahaku alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, akinoa panga, akisikia kila neno. Azara alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama.

"Uvivu tu, mwanangu," Tipagya alisema.

Kijana akacheka kidogo kwa aibu, akaandika kitu. Alipoondoka Azara alimfuata mke mwenzake hadi jikoni, ametoa macho, akamuuliza mtu mwenye mikono kama ile anawezaje kujiita mvivu mbele ya mgeni. Tipagya alimwambia kwamba kweli yenyewe angeisema, isingefika kwa wakubwa wa yule kijana. Ingefika kwa mzee aliyekuwa akinoa panga, na ingeishia hapo.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mahindi ya Issahaku, yale ya mbolea ya dukani, yalikaukia kwenye mabua kabla ya kujaza punje. Ekari nne zilitoa magunia matatu. Kile kipande cha njia ya kijito, ambacho hakikuwa kimeona samadi tangu kitoke mikononi mwa Tipagya, kilikuwa kimerudi kuwa changarawe, na kiduha kilikuwa kimerudi nacho. Mteremko wa vichuguu ulikuwa korongo. Tipagya mwenyewe alipata magunia mawili yasiyojaa vizuri. Nyumba ya watu kumi na mmoja iliingia kiangazi na ghala ambalo mtu angeweza kuona sakafu yake.

Issahaku alikuwa na ngiri kwa miaka mingi. Ilitoka kila alipoinua kitu kizito, naye akaisukuma ndani kwa kiganja, akaendelea na maneno yake. Kila mwaka alisema atakwenda kufanyiwa upasuaji baada ya mavuno, na kila mwaka baada ya mavuno palikuwa na jambo lingine. Januari ile, upepo wa vumbi ukiwa umefunika jua, aliinua gogo na ngiri ikatoka ikakataa kurudi. Jioni alianza kutapika. Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma.

Siku zile hospitali haikumgusa mtu kabla hajaweka pesa mezani, na ili upelekwe mjini ilibidi gari likodiwe. Tipagya aliuza magunia yake mawili siku hiyohiyo kwa mwanamke wa sokoni aliyejua ana shida, hivyo akamlipa bei ya shida. Azara aliuza kuku wote na kitenge cha harusi. Neindow alikwenda kutafuta mnunuzi wa mbuzi, akarudi kesho yake jioni. Siku ya tatu ndipo pesa zilipotosha gari na upasuaji pamoja.

Walimlaza nyuma ya gari dogo la mizigo, juu ya majani, kichwa chake kwenye mapaja ya mke mkubwa. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Alikuwa hapigi kelele tena. Karibu na daraja alifungua macho, akamtazama, akatabasamu kidogo kama alivyokuwa akifanya anapotaka kutania.

"Tungekuwa na yale magunia yako saba," alisema, "jana tungeshafika."

Hakusema kwa kumlaumu. Alisema kama mtu anayekumbuka mvua nzuri. Tipagya alimfuta vumbi mdomoni kwa ncha ya shuka.

Walifika adhuhuri. Daktari alimpasua, akatoka, akasema utumbo ulikuwa umebanwa hadi umekufa, na wangekuja siku ya kwanza lingekuwa jambo dogo. Issahaku alifariki kabla ya alfajiri, akazikwa Nakpanyili siku iliyofuata, na watu walikuwa wengi, kwa sababu alikuwa amewachekesha wengi.

Wajane wawili walikaa eda katika chumba kimoja.  Mchana mmoja, wakiwa wamekaa na migongo ukutani, Tipagya alianza kusema bila kuulizwa.

"Bello aliniambia nikachukue samadi. Bure, Azara. Miaka mitatu nilikataa."

"Ungeibeba, wangekuchukulia shamba. Unawajua."

"Wangenichukulia. Lakini la kwanza walinichukulia baada ya miaka minne, la pili baada ya mitano. Hili mwaka wake ulikuwa wa tatu." Alikunjua vidole vyake vitatu akavitazama. "Mwaka ule lingekuwa bado langu."

Azara alilia. Alimwambia dada yake asijibebeshe kifo cha mtu, kwamba walioweka pesa mbele ya mgonjwa wapo, walionyang'anya wapo, na mvua nayo ina lake. Yote hayo Tipagya aliyakubali. Aliyakubali kama mtu anavyokubali kikombe cha maji anapopewa, kisha akakiweka chini bila kunywa.

Eda ilipoisha, ardhi yote ya Issahaku ilirudi chini ya Neindow, kile kipande cha tatu pamoja nayo. Azara, aliyekuwa bado kijana, aliolewa katika kijiji kingine, na wakati wa kuagana walishikana mikono muda mrefu. Tipagya alirudi kwao, ambako mmoja wa kaka zake alikuwa hatimaye amechoka na kakao za watu na kurudi kuishi. Alipewa chumba karibu na lango. Alikamua mafuta ya shea akayauza siku za soko. Kaka alipomuuliza kama anataka ekari alisema magoti yanamuuma. Yalikuwa yanamuuma, lakini si kiasi hicho.

Suhuyini alikua, akaoa, na baba yake mkubwa akamkabidhi sehemu ya mashamba. Alikuwa kijana mwenye moyo. Alikuja siku moja kwa baiskeli kumtembelea mama yake, amemletea viazi vikuu viwili vizito, na baada ya salamu akasema kilichomleta. Alitaka mama arudi Nakpanyili. Alikuwa na ekari mbili nzuri karibu na nyumba, alitaka kumpa moja.

"Iwe yako mama. Upande unachotaka."

Tipagya alimtazama. Alikuwa na paji la uso la baba yake.

"Kwa miaka mingapi?" aliuliza.

Suhuyini alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona mama hacheki. Alisema hajafikiria hesabu ya miaka. Labda mpaka watoto wake wakue waihitaji. Tipagya alimshukuru, akamwombea baraka, akamwambia umri umekwenda, ekari hiyo ampe mkewe.

"Mke wangu ana kipande chake," alisema kijana.

"Kikoje?"

"Cha kawaida tu, mama. Si unajua, cha kike." Alikuwa akimenya karanga, akitupa maganda uani. "Hakizai sana. Nafikiri hajui kulima."

Tipagya alinyanyuka taratibu akaingia jikoni. Alimpakulia ugali na mchuzi wa mlenda, akamwekea maji ya kunawa, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza kula. Jua lilipopungua ukali alimsindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka baiskeli ilipopotea nyuma ya mtama wa watu.